Wale Watatu Waliokunywa Maji

Zawadi, mama,

Umekwenda Old Kampala kuwaaga wenzako wa kwaya, na umesema utarudi kabla ya giza. Nimefunika cherehani mapema, nimeondoa sare za watoto wa shule mezani, nimeketi kuandika. Kesho asubuhi unapanda basi la Mbarara. Mambo ya chandarua, ya kufunga sanduku kwa kufuli, ya kutomwazima mtu simu yako, shangazi yako Mapendo ameyasema wiki nzima, tena kwa sauti ambayo Kasubi yote imeisikia. Hapo sina la kuongeza.

Mimi nataka kurudi kwenye Jumapili ile uliyoleta barua ya chuo na kuisoma kwa sauti. Kozi ya ufundi wa maabara, miaka miwili. Na chini kidogo, mstari ule: mwaka wa kwanza mwanafunzi atafundishwa kuwashika, kuwatunza na kuwatumia wanyama wa utafiti. Ukaikunja barua. Ukaniuliza, "Baba, ungekuwa wewe, ungeenda?" Nikakuambia uongeze majani kwenye chai, eti ni nyepesi. Niliuona uso wako ulivyojifunga. Hukuuliza tena. Ukawaandikia kwamba unakubali nafasi, bila jibu langu.

Nataka kukujibu. Lakini kila nikianza naona kuna jambo hulijui, na nikilificha hilo, jibu lolote nitakalokupa litakuwa uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo nitasimulia tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Wewe uliyaona ukiwa mtoto. Mimi niliyaona nikiwa na hofu, na mtu mwenye hofu haoni vizuri.

Tulipofika Kampala kutoka Bukavu ulikuwa na miaka minne. Kule nilikuwa mwalimu wa darasa la tano. Hapa nikawa fundi cherehani, na nyuma ya nyumba nikajenga banda la simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia tuliokuwa tukiwaita dende. Majirani Waganda walicheka, wakasema Mkongo anafuga panya. Lakini wamama wa kwetu walikuja mpaka kutoka Kawempe kununua, maana sikukuu bila dende kwao haikuwa sikukuu. Nilichinja mwenyewe. Wewe ulikuwa na sheria yako: mwenye jina haliwi. Na majina uliyatoa wewe. Ulipokuwa na hamu ya nyama, hukutoa majina mwezi mzima. Mama yako alicheka hadi akashika kifua.

Kile kifua. Pumu ilimkamata mama yako mwaka wa kwanza tu hapa, sijui ni vumbi, sijui ni moshi, sijui ni huzuni ya kuondoka. Lile shirika la hisani lenye kliniki lilimpokea bila kumuuliza yeye ni mtu wa wapi, likampa pampu ya kuvuta, na pampu ile ikatupa miaka saba. Usisahau hilo hata ukikasirika. Mimi nikikasirika nalisahau, halafu naona aibu.

Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja shirika lilifanya matembezi ya kuchangia utafiti. Kulikuwa na dawa mpya, iliyotolewa kwenye gome la mti, ambayo walitumaini itafungua vifua vya watu wasioweza kununua pampu. Mama yako alikuwa kwenye orodha ya wale ambao wangepewa kwanza ikionekana ni salama. Mlitembea wote wawili na fulana za manjano. Ulibeba kopo, ukalitikisa mbele ya kila duka, na wenye maduka wakakupa kwa sababu ulikuwa na meno mawili yaliyopishana na hukuwa na haya. Bango lilisema pesa itasaidia watu wapumue. Halikusema kitu kingine.

Wiki chache baadaye alikuja Bi. Akello. Unamkumbuka, yule mwanamke mrefu wa maabara ya shirika, mtoto wa mwanajeshi wa Gulu aliyekulia kambini, na Kiswahili chake cha kambini. Alisimama mbele ya banda, akawatazama dende muda mrefu.

"Mzee, wanyama yako iko safi," akasema. "Hakuna hata moja inakohoa. Mimi nataka kumi na mbili. Kwa ajili ya ile dawa ya kifua."

Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi sana. Niliona kama mkono wangu umeingia kwenye kazi ya kumponya mama yako. Bi. Akello alikuwa tayari kunieleza watafanyiwa nini. Alifungua mdomo kabisa. Nikamwambia, "Hapana, mama, hayo ni ya wataalamu." Sikutaka kujua. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote yalipita kwenye mlango huo.

Jioni mama yako aliniuliza, "Wataumia?"

Nikasema, "Hawataumia."

Sikuwa nimeuliza, Zawadi. Nilijibu tu, kama mtu anayejibu ni saa ngapi bila kutazama saa. Na yeye, kwa jibu langu hilo, akaridhika kubaki kwenye orodha. Kisha akasema, "Mwambie mtoto wanakokwenda. Usimfiche." Nikasema nitakuambia.

Ulirudi kutoka shule ukakuta banda limebaki na wachache, na katika waliokwenda alikuwemo Malkia, yule wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, uliyempa jina siku aliyozaliwa. Ulisimama pale na mkoba mgongoni. Nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni. Nikatazama midomo yako ikitetemeka, na nikasema wamekwenda Entebbe, kwenye shule, watoto wa pale wanajifunza kufuga. Ukauliza nani anawatunza. Nikasema Mwalimu Grace. Sijui jina lile lilitoka wapi.

Uongo ule ulihitaji chakula kila wiki. Kila Ijumaa uliniuliza habari za Entebbe, nami nilikujibu: Malkia anakula majani ya viazi, Malkia amenenepa, Mwalimu Grace anasema yeye ndiye mpole kuliko wote. Ulichora picha nimpelekee Mwalimu Grace. Nilizipokea. Nilizificha ndani ya gunia la vitambaa vya mabaki, na mama yako alizikuta, akanitazama, akazirudisha humo humo bila neno. Afadhali angenifokea.

Baada ya miezi mitatu hivi nilikwenda maabara kuchukua vikapu vyangu. Bi. Akello alinikuta nje, akavua glavu.

"Mzee, dawa imesimama," akasema. "Ile tulipatia dawa, tisa, imekufa sita. Mapafu ilijaa maji."

"Na hao watatu waliobaki katika tisa?"

"Hao tuliua, kuangalia ndani."

Niliuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza bandani kwangu. "Waliumia?"

Hakunizungusha. "Wengine, ndiyo. Siku mbili, tatu. Mimi nilikaa nao. Mimi sifurahii hii, mzee, lakini nilikaa."

Hadi hapa, Zawadi, unajua. Ulijua ulipokuwa na miaka kumi na minne, siku ile ulipotoka kliniki na kile kijitabu cha kuwashukuru wachangiaji. Ndani kulikuwa na picha ya maboksi ya maabara, na kwenye boksi moja sikio jeupe. Uliingia hapa, ukakiweka kijitabu juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, ukaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, Mwalimu Grace yuko wapi?"

Mama yako alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Nilibaki peke yangu na uongo wangu, nikakuambia kwamba nilimuuzia Bi. Akello dende kumi na mbili na kwamba wote walikufa. Ulilia, halafu ukasema neno ambalo nalisikia mpaka leo ninapopiga pedali ya cherehani: "Kwa hiyo ni mimi. Ni mimi nilitikisa kopo."

Ulikaa bila kusema nami majuma mengi. Ulibomoa banda kwa mikono yako. Hujala nyama tena mpaka leo, na sijawahi kukuuliza kama ni kwa ajili yao au kwa ajili ya kunikumbusha.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua.

Kumi na mbili kutoa tisa ni watatu. Hao watatu hawakupewa dawa. Walikunywa maji tu, ili wataalamu wawalinganishe na wenzao. Siku ile nilipokwenda kuchukua vikapu walikuwa hai. Bi. Akello alinipeleka mpaka dirishani, nikawaona. Malkia alikuwa mmoja wao. Alikuwa amenenepa kweli, Zawadi. Jambo moja katika yote niliyokuwa nakuambia kila Ijumaa lilikuwa sawasawa.

Bi. Akello akasema, "Hii tatu haina shida. Haikuonja kitu. Kazi imesimama, kwa hiyo kesho kutwa tutaua nayo, ndiyo sheria ya hapa. Lakini nimeongea na mkubwa. Kama wewe mwenyewe unachukua, yeye anaweka sahihi. Binti yako atafurahi."

Nilikuwa na vikapu viwili vitupu mkononi. Nilikuwa sina kazi ya haraka. Na nikasema, "Hapana."

Akashangaa. "Mzee, si ni yako?"

Nikasema banda limejaa. Halikujaa. Ukweli ni kwamba niliona mlango wa nyumba, na wewe unaniuliza: wametokaje Entebbe? Kwa nini watatu tu? Wengine wako wapi? Mwalimu Grace amesemaje? Niliona kwamba nikimrudisha Malkia nitalazimika kurudisha na ukweli. Nikamwacha. Waliuawa baada ya siku mbili, kwa sababu baba yako aliogopa maswali ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Wale tisa, naweza kusema walikufa kwa ajili ya utafiti, na tunaweza kubishana wewe na mimi mpaka asubuhi kama utafiti ule ulistahili. Wale watatu hawakufa kwa ajili ya utafiti. Walikufa kwa ajili yangu.

Mama yako sikumwambia. Alifariki mwaka uliofuata, unajua vipi, mchana kweupe, akianua nguo, pampu mkononi. Pampu ilifanya kazi yake yote na haikutosha. Baada ya mazishi nilimtafuta Bi. Akello. Nilitaka aniambie kitu kimoja tu: kwamba ile dawa ya gome ingemuua, kwamba dende wale walimkinga. Nilihitaji kulisikia hilo ili nilale.

Akatikisa kichwa. "Siwezi kusema hivyo, mzee. Kuna dawa ya kawaida hapa kliniki, inaponya watu kila siku, lakini ukipatia hii mnyama inakufa. Na kuna nyingine mnyama anameza tu, hana shida, halafu mtu anaumia. Ile ya gome, labda ingeua mama. Labda ingesaidia yeye. Sisi tunauliza mnyama swali ya mtu. Saa ingine anajibu, saa ingine anajibu mambo yake."

"Sasa mbona mnafanya?"

"Kwa sababu nikikosa kuuliza yeye, nitauliza nani? Mama Zawadi?" Kisha akaongeza polepole, "Ile pampu ilisaidia yeye miaka saba, nayo ilianza kwa wanyama. Hiyo nayo ujue."

Nilimuuliza kwa nini bango halikusema. Kwa nini mtoto alipewa kopo asiambiwe. Akacheka bila furaha. "Tukiandika kwenye bango, nani atatembea?"

Nimelifikiria swali hilo miaka minane. Mama yako angetembea, nadhani. Angetembea polepole, akilia, lakini angetembea. Wewe ungetembea? Ungekuwa na haki ya kukataa, na haki hiyo tulikunyima wote, mimi na wao, kila mmoja kwa nia njema.

Unataka baba yako awe na msimamo. Nimeutafuta. Nilimuuliza mchungaji, akanifungulia Biblia mahali ambapo binadamu anapewa mamlaka juu ya wanyama, na nilipotoka nje nikagundua hakunijibu kama mamlaka ni pamoja na kumjaza mnyama maji mapafuni. Nilimuuliza jirani yetu Afande Juma, polisi mstaafu. Akasema kwa sauti ya gwaride, "Mnyama ni mnyama, Mwalimu, usijisumbue." Tukanywa soda. Baada ya muda akaanza kunisimulia mbwa wake wa kazi aliyepigwa risasi Karamoja, na ilibidi nitazame pembeni ili amalize kufuta macho.

Mimi mwenyewe najishangaa. Nimechinja dende wengi, na sikukosa usingizi. Kwa nini hawa? Nilisema labda ni kwa sababu kisu ni cha sekunde moja na mimi nipo. Halafu nikakumbuka kwamba nilichinja kwa ajili ya karamu, wakati hawa walikufa ili labda watu wapumue, kwa hiyo hawa ndio waliokufa kwa sababu nzuri zaidi, na ndio wanaoniuma. Eleza hilo. Mimi siwezi. Siku nikimkumbuka mama yako akivuta hewa kama anaivuta kwenye tundu la sindano, ningewatoa dende wote wa Kivu na Uganda kwa pumzi moja yake, na nisingeuliza kama wanaumia. Siku nikikumbuka sikio lile dirishani nasema hakuna mtu mwenye haki hiyo, hata mimi, hata kwa mke wangu. Mawazo haya mawili yanaishi ndani yangu kama wapangaji wasiosalimiana. Hakuna anayehama.

Kwa hiyo uliponiuliza kama ningeenda, jibu langu la kweli ni kwamba sijui. Na sijui kwa nini wewe unaenda. Nimejiuliza kama ni kwa ajili ya mama yako, au kwa ajili ya Malkia, au ni kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyopatikana na mtu lazima asome kitu. Hujaniambia. Sina haki ya kudai uniambie.

Ninalolijua ni dogo. Najua jinsi mtu anavyojiharibu katika mambo haya, kwa sababu nilifanya mwenyewe. Huanza kwa kusema hayo ni ya wataalamu. Sasa mtaalamu utakuwa wewe, na hutakuwa na pa kujificha. Kama mkono wako utamshika mnyama, uliza ni kwa ajili ya nini, na uliza kama swali hilo haliwezi kuulizwa kwa njia nyingine. Nasikia siku hizi ziko njia nyingine kwa baadhi ya mambo, wewe utajifunza, utanifundisha. Ukiambiwa anaumia, kaa naye kama Bi. Akello. Sikumpenda mwanamke yule kwa miaka mingi, na sasa nadhani ndiye peke yake kati yetu ambaye hakudanganya mtu. Na siku ukiona huwezi, ondoka. Rudi hapa. Sitauliza ada ilikwenda wapi, na shangazi yako nitamnyamazisha.

Na ikitokea mtoto anakuuliza wamekwenda wapi, mama yangu, mwambie. Atalia. Atakuchukia kidogo. Mimi nilitaka usilie siku moja, nikakuliza miaka sita.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako sandukuni, uikute Mbarara, nami niwe mbali na uso wako unapofika kwenye wale watatu. Nilishafungua sanduku. Kisha nikaona ni kitu kile kile tena, baba yako anapanga asiwepo pale swali linapoulizwa. Nimelifunga.

Nasikia lango. Ni wewe, unamsalimia Afande Juma. Nitakupa karatasi hizi mkononi, nitakuomba uketi uzisome hapa mezani, na mimi nitaketi upande wa pili, sitashona wala sitatoka nje. Ukifika mstari huu, inua macho. Uliza lolote.

Baba yako